Wasomaji Wanauliza: Wageni Wetu wa Jumapili Wanaishia Wapi?

*Mwinjilisti, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Kivule. Eneo letu linajengwa kwa kasi, na kila Jumapili hatukosi wageni saba au wanane. Tunawasimamisha, wanajitambulisha, kwaya inawaimbia, mchungaji anawaombea, na baada ya ibada tunawapa soda. Katibu anaandika majina yao na namba za simu katika daftari. Juzi nililichukua daftari hilo nikahesabu: tangu Januari tumeandika wageni zaidi ya mia mbili, na ambao bado ninawaona wakija hawafiki kumi na watano. Baraza la wazee linashauri tuwaandalie wageni chakula cha mchana, lakini mhazini anasema mfuko hauruhusu. Tunakosea wapi? – Mzee wa kanisa, Dar es Salaam*

Amina, mzee wangu. Nianze kwa kukupongeza kwa kuhesabu, kwa sababu sharika nyingi zina daftari la wageni ambalo hakuna anayelifungua tena baada ya majina kuandikwa, na moja nimewahi kuliona likitumika kuzuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo. Mhazini wenu naye safari hii yuko sahihi. Watu ambao soda haikuwarudisha, wali na nyama havitawarudisha.

Kabla hujahuzunika, lipitie upya daftari hilo pamoja na katibu wako. Miongoni mwa hao mia mbili yumo shangazi aliyetoka Moshi kuja kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yake, yumo fundi aliyekuwa na kazi ya wiki mbili katika nyumba ya jirani, na wamo ndugu wa wanakwaya waliokuja kusikiliza kanda mpya ikizinduliwa. Hao walikuja, wakaabudu, wakaenda zao, na usharika hauna deni nao. Wanaokuhusu ni wale waliopanga au waliojenga huko Kivule, ambao Jumapili ya pili walikuwa nyumbani kwao, hatua chache kutoka kanisani, wakisikia kengele ikilia na wasitoke.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, maana yake ni kwamba hata asipoonyeshwa ameshaonekana. Hajui akae wapi, hajui kama sadaka inapelekwa mbele au kapu linapitishwa, na katika ibada yetu ya Kilutheri, ambayo nusu yake ni kuitikiana kwa kitabu, yeye hana kitabu. Sisi tunamchukua kuku huyo mweupe tunamwinua juu mbele ya watu mia nne, tunampa kipaza sauti, kisha tunamwuliza jina lake, anakotoka na aliyemleta. Yupo anayelifurahia jambo hilo, hasa akiwa mzungumzaji. Lakini mtu aliyekuja kwa sababu ameachwa na mume, au amesimamishwa kazi, au ndiyo kwanza ametoka kumzika mtoto, alikuwa anatafuta kona ya kukaa kimya, na swali la nani aliyemleta hana namna ya kulijibu hadharani.

Mimi mwenyewe, miaka ile nilipohamia mji nisioujua, nilihudhuria kanisa moja Jumapili tatu mfululizo. Ya kwanza nilisimamishwa nikaimbiwa. Ya pili, mzee yule yule alinifuata nilipokaa, akanigusa bega akasema, "Mgeni wetu, simama tukuone." Ya tatu ikawa vivyo hivyo, kwa wimbo ule ule na makofi yale yale, na mzee akaniuliza tena jina kwa uso wa mtu ambaye hajawahi kuniona. Sikurudi mara ya nne. Hawakuwa watu wabaya, na sidhani kama waligundua kwamba sikuja.

Kwa hiyo ningeshauri mchungaji awasalimu wageni wote kwa ujumla kutoka madhabahuni, wakiwa wamekaa, na kazi nyingine yote ihamishiwe mlangoni na kwenye mabenchi. Mzee wa zamu aliye mlangoni anahitaji swali moja tu: "Umehamia huku kwetu au umetutembelea?" Jibu la swali hilo linatenganisha shangazi wa Moshi na jirani mpya. Kisha asimwache jirani huyo aende kukaa popote, bali amkalishe karibu na mtu. Niliwahi kumwona bibi mmoja aliyekuwa akikaa benchi la nyuma upande wa akina mama, ambaye kila alipokalishiwa mgeni alifungua *Mwimbieni Bwana* yake, kile kitabu chetu cha nyimbo na ibada, mahali pa liturjia, akaisogeza katikati ya magoti yao mawili, na kuweka kidole chini ya mstari uliokuwa ukisomwa. Hakusema neno wala hakumtazama mwenzake. Ukurasa ulipofika mwisho aliufunua na kukisogeza kidole. Sijaona mafunzo ya ukaribishaji yaliyomzidi yule bibi.

Hata hivyo Jumapili ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Swali kubwa ni nini kinatokea kati ya Jumapili moja na nyingine. Jina la jirani mpya lisilale katika daftari. Liwe limemfikia kiongozi wa jumuiya ya mtaa anaokaa kabla mnada wa ndizi na kuku haujamalizika pale nje. Na kabla ya siku ya jumuiya, mtu mmoja awe amepita nyumbani kwake. Ninasema mtu mmoja kwa makusudi, kwa kuwa tumezoea kutuma ujumbe wa watu sita wenye Biblia kwapani, na mwenye nyumba akiwaona getini anadhani kuna msiba au mchango. Apite jirani wa kweli, wa jinsia yake na wa rika lake ikiwezekana, asikae sana, na asitaje ahadi, bahasha wala ujenzi wa jengo jipya. Akipita kumwambia tu kwamba jumuiya husali nyumba fulani yenye geti la bluu, na kwamba atampitia waende pamoja, atakuwa amemaliza.

Usidhani haya ni mageni katika kanisa letu. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misheni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi huko Old Moshi, alilijenga kanisa juu ya mafungamano ambayo Wachaga walikuwa nayo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Tunaweza kubishana naye kwa mengine, lakini aliona kwamba mtu haingii kanisani akiwa peke yake. Tatizo letu wa mjini ni kwamba mgeni wa Kivule hana ukoo mtaani, rika lake liko Ifakara au Kibondo, na jirani yake anamfahamu kwa mlio wa gari. Ndiyo sababu jumuiya zina kazi kubwa kuliko tunavyozipa. Wenzetu Wakatoliki walilitambua hilo mapema, na maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 waliziweka jumuiya ndogondogo katika kiini cha uchungaji wao.

Ukitaka mfano wa Maandiko, soma Matendo ya Mitume sura ya 9 na ya 11, umtazame Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa. Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, na akawaeleza yeye Barnaba habari za Sauli, hakumsimamisha ajieleze. Baadaye, kazi ya Antiokia ilipokuwa kubwa, alisafiri mpaka Tarso kumtafuta, akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Hapo inatimia ile methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sharika nyingi humweka mgeni kwenye kiti cha wageni kwa mwaka mzima, halafu zinashangaa kwamba amehama. Mpe jembe dogo: apange viti vya shule ya Jumapili, asome somo la kwanza, ashike kamba ya turubai siku ya tamasha la mavuno. Jembe ninalokutahadharisha nalo ni lile la kumweka kwenye kamati ya fedha kwa sababu amekuja na gari zuri, jambo ambalo Yakobo alilikemea katika sura ya pili ya waraka wake, alipozungumzia mtu mwenye pete ya dhahabu.

Neno la mwisho kwako ni la hilo daftari. Tangu Mei 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mgeni ni taarifa binafsi hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya kanisa. Mwambieni ni ya kazi gani, na itumike kwa kazi hiyo tu. Mtu anayeandika namba yake Jumapili akaamka Jumatatu yumo katika kundi la WhatsApp la kamati ya ujenzi, na jina lake limeorodheshwa mbele ya nafasi tupu ya kiasi anachoahidi, hahitaji kuelezwa kwa nini alikaribishwa kwa soda.

*Shikamoo mwinjilisti. Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamia Dodoma na ofisi yetu. Nilipokwenda kwenye kanisa la dhehebu langu niliombwa barua kutoka usharika nilikotoka, na nilipoifuatilia ikachelewa miezi miwili. Wakati huo wote nilihesabiwa mgeni. Kwenye jumuiya wengi ni watu wa mkoa mmoja, na sala ikiisha wanazungumza kwa lugha ya kwao huku mimi nikinywa chai. Je, nina kosa nikihamia kanisa jingine ambako nilipokewa vizuri siku ya kwanza? – Dada wa Dodoma*

Marahaba binti yangu. Kosa huna. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, watu wengi wamefika huko kama ulivyofika, wakiwa na sanduku na barua ya mwajiri, na makanisa ya huko yalipaswa kuwa yameshazoea.

Kuhusu barua, nitawatetea kidogo wazee wako. Barua ina sababu nzuri, kwa kuwa mchungaji anayekwenda kubatiza mtoto wako au kufungisha ndoa yako anapaswa kujua wewe ni nani, na wapo watu waliowahi kuacha mke Tabora wakaja kutangaza ndoa Dodoma. Lakini barua ni ya ofisini. Haikupasa kukuzuia kuimba kwaya, kutembelewa ukiugua, wala kuitwa dada. Kiongozi anayesoma safu hii angeweza kumpigia simu mchungaji mwenzake siku hiyo hiyo, na karatasi ikafuata kwa wakati wake.

La lugha ni zito zaidi, na silichukulii kuwa jambo la chai tu. Wazee wetu wa Bukoba wanakumbuka jinsi uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivyofika kwao kupitia Uganda, na jinsi watu waliookoka walivyosalimiana kwa kuimba Tukutendereza, maneno ya Kiganda, hata wale wasiojua Kiganda. Wimbo ulikuwa mmoja ili watu wa makabila mbalimbali wapate mahali pa kukutana. Jumuiya yako inafanya kinyume, pengine pasipo kukusudia, kwa kuwa watu waliochoka wakishapata chai hurudi kwenye lugha ya mama bila kujisikia. Mwambie kiongozi wa jumuiya jambo hilo kwa faragha, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, na uombe jumuiya ije kwako zamu ijayo. Mwenye nyumba ndiye anayeshika mazungumzo. Ukikuta baada ya hapo hakuna kilichobadilika, nenda ulikopokewa, lakini uage kwa mdomo wako. Usiwaachie waandike katika daftari kwamba ulipotea.

*Mwinjilisti, sisi vijana wa usharika mmoja Morogoro tumenunua spika mbili kubwa, na tunataka kuziweka nje kuelekea barabarani wakati wa mkesha wa Ijumaa ili majirani wasikie Injili. Wazee wamekataa. Tufanyeje? – Katibu wa vijana*

Wasikilizeni wazee. Jirani aliyeamshwa saa nane usiku na mtoto mchanga mgongoni amesikia spika, na akifika Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kulalamikia kelele, atakuwa na haki ya kusikilizwa. Spika zigeuzeni zielekee ndani, na Jumamosi asubuhi vijana wanne wapite nyumba nne za jirani, za Waislamu na za Wakristo, kuuliza kama mkesha uliwasumbua. Wapite bila vipeperushi. Wakikuta mama anachota maji, wambebee ndoo kwanza ndipo waulize.