Cor a 9: protini ya hazelnati inayojificha kwenye mashapo

Wengi wanaoanza kazi na Cor a 9 huitupa pamoja na mashapo, kisha huandika kwenye daftari kwamba sampuli haina kitu. Protini hii haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Ni globulini ya 11S, akiba ambayo kokwa la hazelnati huwekea mche wake, na inahitaji chumvi ili iyeyuke. Mwaka 2002 ilitambuliwa kuwa kizio kikubwa (kitu kinachosababisha mzio) kwa watu wanaopata mzio wa mwili mzima, si kuwashwa mdomo tu, ndiyo maana kuikosa kwenye kipimo si jambo dogo.

Jua kwanza imejengwaje. Mnyororo mmoja wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 59 hivi hukatwa na kimeng'enya cha mmea ukawa vipande viwili: cha asidi, kilodaltoni 35 hadi 40, na cha besi, 20 hadi 25. Vipande hivyo hubaki vimeshikana kwa bondi ya disulfidi. Jozi sita za namna hiyo zikiungana, unapata kitu cha kilodaltoni 300 na zaidi.

Kwenye maandalizi, adui ni mafuta, karibu asilimia 60 ya kokwa. Ondoa ngozi ya kahawia, maana polifenoli zake hunasa protini na kutia dondoo rangi. Gandisha kokwa, kisha saga kwa vipindi vya sekunde chache. Mashine ikizunguka mfululizo hupata joto, nawe unaishia na uji badala ya unga. Osha kwa heksani, mililita 10 kwa gramu 1, ukikoroga saa 1, na urudie mara 2 au 3. Fanya yote ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mbali na moto, na unga ukauke humo humo usiku kucha. Mwenye mzio wa kokwa asikae karibu na meza ya kusagia, hata akivaa glavu: vumbi huvutwa puani.

Chukua gramu 1 ya unga mkavu kwa mililita 20 za bafa, yaani mmumunyo unaotunza pH: Tris milimola 20, pH 8, yenye kloridi ya sodiamu mola 1. Koroga saa 2 kwenye nyuzi 4, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa g 10,000 kwa dakika 30. Ugumu huja baadaye, pale unapopunguza chumvi ili dondoo liingie kwenye safu ya kubadilishana ioni, bomba lililojaa chembe zinazonasa protini kwa chaji. Linatia ukungu. Ukungu huo kwa sehemu kubwa ndiyo protini unayoitafuta, na ukiusukuma ndani ya safu utaiziba. Ni heri kuutumia: punguza chumvi makusudi, zungusha, kusanya mashapo, yayeyushe tena kwenye bafa yenye chumvi. Protini ndogo kama Cor a 1 na Cor a 14, vizio vingine vya hazelnati, hubaki majini. Malizia kwa safu ya kutenganisha kwa ukubwa.

Kwenye jeli ya asilimia 12, inayotenganisha protini kwa ukubwa kwa umeme, weka sampuli ileile mara mbili, yenye DTT (kemikali inayovunja bondi za disulfidi) na isiyo nayo. Bila DTT utaona mstari kwenye kilodaltoni 55 hadi 60. Ukiiweka, mstari huo hupungua na viwili vya chini hujitokeza. Huo ndio utambulisho mzuri wa haraka. Ila usiweke visima hivyo viwili bega kwa bega: DTT hupenya hadi kisima cha jirani na kuvunja bondi usizotaka zivunjwe. Acha angalau kisima kimoja kitupu katikati. Tena, DTT huharibu kipimo cha BCA, kinachopima kiasi cha protini kwa rangi, kwa hiyo pima kiasi cha protini kabla ya kuitia.

Ukija kwenye hazelnati zilizochomwa, kuwa mwangalifu zaidi. Joto hushikanisha protini hizi hadi zikakataa kutoka, na ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili) ikasoma kiasi kidogo kuliko kilichomo. Kusema mzio umeondoka ni kukimbilia hitimisho. Mashapo yaliyobaki yachemshe dakika 5 kwenye bafa yenye SDS (sabuni inayokunjua protini) na DTT, yaweke kwenye jeli kando ya dondoo, kisha hamishia protini kwenye utando na uzijaribu kwa seramu za wagonjwa wa mzio.