Vitafunio vya kahawa vinavyokaa bila friji

Swali: Nina kibanda cha kahawa hapa Tanga mjini. Nauza mandazi, vitumbua na kashata za nazi. Vitumbua visipoisha, asubuhi vimechacha. Kashata zikifika siku ya nne zinaota ukungu, nazitupa. Sina friji. Niuze vitafunio gani vinavyokaa angalau wiki mbili? Na je, nikizidisha sukari kwenye kashata zitadumu?

Jibu: Dada, nianze na kashata, maana ukishajua kwa nini zinaota ukungu, vitafunio vingine utaweza kuvichagua mwenyewe.

Nazi mbichi iliyokunwa, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukungu unachohitaji ni maji hayo. Sukari huyashika yasitumike, ndiyo maana inasaidia, lakini ukiizidisha halafu ukaepua sufuria mapema, umepata kashata tamu zaidi yenye maji yale yale. Kinacholeta tofauti ni jinsi shira ilivyopikwa. Dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likifanya kidonge kinachobonyea, shira iko kwenye nyuzi 112 hadi 116 hivi na bado ina maji mengi. Likikatika kwa mlio ukilivunja, imepita nyuzi 146 na karibu maji yote yametoka. Nazi mbichi ni vigumu kuifikisha huko bila kuungua. Unaweza kuikausha kwanza kwenye kikaango, moto mdogo, mpaka chicha ziachane, nayo itakaa zaidi ya hiyo ya sasa. Lakini kashata za nazi mimi sizihesabu kwenye vitafunio vya wiki mbili. Nazi yenye unyevu hata kabla ya ukungu huanza kutoa ladha ya sabuni. Zipike kidogo kidogo, zinazoisha kwa siku mbili.

Za karanga ni habari nyingine. Karanga iliyokaangwa vizuri ina maji machache sana na inavumilia shira ya moto mkali. Hapo adui ni hewa ya Tanga yenyewe: sukari hufyonza unyevu, kashata zinalowa na kugandana, na masika ndiyo zaidi. Kwa hiyo usitie ndimu kwenye shira ya kashata hizi, na usitumie sukari guru. Ndimu huivunja sukari ikawa ya aina inayovuta unyevu haraka, na sukari guru inayo aina hiyo tayari.

Kwenye karanga nakuomba usilegeze kitu kimoja, nacho ni kuchambua. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye vumbi la ukungu itoe kabla ya kukaanga, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haiishi kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu wa namna hiyo hiyo. Karanga za bei ya kutupa sokoni mara nyingi ni zile zilizobaki baada ya wengine kuchagua.

Baada ya kashata za karanga ningeweka visheti. Vinakwenda na kahawa chungu, na vikipikwa inavyotakiwa vinakaa wiki kadhaa. Siri iko kwenye moto: mafuta yakiwa makali, kisheti kinakuwa chekundu nje huku katikati kuna unga laini, na unyevu huo utatoka polepole na kulainisha mtungi mzima. Kaanga kwa moto wa wastani, kisha vunja kimoja kutoka kila mkupuo uangalie katikati. Kikivunjika kikavu mpaka ndani, tia kwenye shira na koroga mpaka sukari igande nyeupe juu yake. Vileja navyo ni vizuri, hasa ukitumia samli. Siagi ina maji kama asilimia 16, samli karibu haina.

Vitafunio vikavu haviozi upesi, ila mafuta yake huharibika, yakatoa ule mnuko wa mafuta ya zamani. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoharakisha. Mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi yameshaanza kuharibika kabla hujatia chochote, na alizeti huharibika upesi kuliko mawese yaliyosafishwa. Mitungi ya kioo inapendeza mbele ya kibanda, lakini usiiweke juani. Ya mbele iwe midogo, akiba ibaki kivulini kwenye makopo yanayobana, kwa sababu kila ukifungua kifuniko unyevu unaingia. Usifunge kitu kingali na joto. Mvuke utageuka matone ndani ya mtungi. Na usichanganye vikavu na hafkeki kwenye chombo kimoja: hafkeki itatoa maji, visheti vitayapokea.

Haluwa inakaa muda mrefu kwa sababu imepikwa na sukari nyingi na samli kwa saa kadhaa. Nunua kwa mpishi unayemwamini, ukate vipande kadiri wateja wanavyotaka, kwa kisu kikavu.

Dawa za kuzuia ukungu huzihitaji. Vikavu havina haja nazo, na vitumbua havitapona kwazo.

Muda wa kukaa upime kibandani kwako. Kila ukipika, tenga vipande vichache kwenye mtungi uleule unaouzia, andika tarehe, onja kila baada ya siku tatu. Siku ladha au ugumu utakapobadilika ndiyo mwisho wa kitafunio hicho kwako. Uza kwa theluthi mbili za muda huo. Rudia jaribio wakati wa masika. Siku ukianza kufunga kwenye pakiti na kupeleka madukani, nenda TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, mapema, maana tangu 2019 usajili wa vyakula uko kwao.

Vitumbua usiviache. Mteja wa saa kumi na mbili asubuhi anataka kitu cha moto. Punguza tu unga wa kuloweka uwe wa wale unaowajua kwa sura, na atakayechelewa mpe kahawa yake na visheti.