Karatasi ya mjomba wako

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Umeuliza: kozi umefaulu, cheti unacho, mbona moyoni unajiona hujui kitu, je, umejifunza au umefaulu tu? Nimekaa nikujibu, nikajikuta namkumbuka mjomba wako na ile karatasi.

Tulikuwa darasa moja, unajua. Mwalimu akatupa robo tatu gawanya kwa nusu. Mimi chapuchapu: pindua ya pili, zidisha, sita juu ya nne, moja na nusu. Nikapata vema. Mjomba wako akaandika jibu lilelile bila njia, akapewa kosa.

Jioni akanijia. "Umegawanya, mbona jibu limekuwa kubwa kuliko ulichoanza nacho?" Nikamwambia ndiyo kanuni. Akachukua karatasi, akaikunja sehemu nne sawa, akachana robo moja na kuitupa. Katika zile tatu zilizobaki akakata mbili zilizoshikana: "Hii nusu." Kile kipande cha mwisho akakilaza juu yake, kikafunika upande mmoja tu. "Na hii ni nusu ya nusu. Moja na nusu."

Nilimcheka. Nikamwambia kwenye mtihani hakuna atakayekuomba uchane karatasi. Na kweli hakuombwa. Mimi nikapita, yeye akarudia darasa, na hadi leo hilo "na kweli" ndilo linaloniuma.

Mimi husema kila siku, nawe umechoka kunisikia: kufaulu kuna tarehe, kujifunza hakuna. Sikiliza hata neno lenyewe, ku-ji-funza. Hiyo "ji" hakuna mwalimu wa kukuwekea. Lakini tusidanganyane, vyeti ndivyo vilivyonipa kazi, na kazi ndiyo iliyokulea. Mjomba wako kujua kwake kulimchelewesha. Au si kujua, ni kule kudharau kuandika njia? Nikimtetea sana najiona mnafiki, nikimlaumu naiona ile karatasi. Kufaulu kuna tarehe, bwana, ila siku hiyo ikikupita utalia.

Sasa wewe. Jibu ninalo, liko hapa ulimini, na unajua nilivyo mgumu wa kunyamaza. Nalimeza. Kwanza chagua kitu kimoja cha kwenye kozi hiyo, umpigie mjomba wako umweleze, akuulize "mbona" zake mpaka achoke yeye. Kisha uniandikie ilikuwaje. Picha ya cheti usinitumie tena, ninayo.

Mama yako