Barua kwa mwanangu: kwa nini kijana husubirishwa

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na swali lako nimelizingatia sana: kwa nini Detroit Red Wings, timu ya hoki ya barafuni katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, wamemteremsha Grand Rapids, timu yao ya chini, kijana uliyemwona kambini akiwapita wakubwa zake, na je, huko si kumvunja moyo?

Mimi naona wamefanya sawa. Kijana anayebakishwa timu kubwa ili akae benchi na kuingia barafuni dakika chache hajifunzi kitu isipokuwa kuogopa kukosea, ilhali kule Grand Rapids, katika AHL, ligi iliyo chini ya NHL, atachezeshwa sana, atatumwa kuwazuia wapinzani mwenzao anapotolewa kwa adhabu, na akikosea leo, kesho atapangwa tena. Nilipokuwa nikifundisha kandanda skuli hapa Wete, niliwaona vijana wenye vipaji waliochukuliwa mapema mno na timu za wakubwa wakirudi wamesahau hata chenga walizoondoka nazo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tena Detroit wana ushahidi wao. Henrik Zetterberg, waliyemchagua mwaka 1999 akiwa wa 210 katika uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu za NHL hugawana vijana, walimwacha aendelee kucheza kwao Sweden hadi 2002. Mwaka 2008, timu ilipotwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi za mchujo. Pavel Datsyuk, aliyechaguliwa wa 171 mwaka 1998, naye alikaa Urusi miaka mitatu zaidi.

Ipo pia hesabu ya fedha. Kijana anayesaini mkataba wake wa kwanza akiwa na miaka 18 hupewa miaka mitatu, na asipofikisha mechi 10 za NHL katika msimu wa kwanza, mwaka huo wa mkataba hauhesabiwi, na klabu hubaki naye muda zaidi kwa mkataba ule ule. Hiyo ni haki ya klabu, lakini ikiwa ndiyo sababu pekee ya kumteremsha, kijana amedhulumiwa.

Wala umri peke yake si kipimo, kwani Steve Yzerman, meneja mkuu wao tangu 2019, alianza NHL mwaka 1983 akiwa na miaka 18 na akafunga mabao 39 msimu ule ule. Ninalotaka kujua ni kama kijana wako ameelezwa waziwazi anachopungukiwa, na kama yupo kocha wa kumfundisha hicho kila siku, maana kungojeshwa bila kufundishwa ni kupotezewa ujana.

Ukienda kumtazama, usihesabu mabao yake. Angalia kama kocha humwingiza timu inapoongoza kwa bao moja na dakika zikiyoyoma, kisha uniandikie.

Baba yako