Usikubali kuambiwa ufukie

Dada, usimsikize huyo shangazi yako! Umeuliza kama umwambie mtu ulivyokuwa ukipigwa na kuchomwa utotoni, maana mwanao wa miezi mitatu akilia unaganda na kutamani kukimbia. Shangazi keshakwambia ufukie, eti ukiyataja utamtia mtoto mikosi. Maneno hayo niliambiwa mimi ndani ya arubaini, nyumbani Kisauni, Mombasa, na bibi anayeheshimika mtaa mzima kwa kukanda wazazi. "Mwanamke husitiri." Nilipojaribu kumdokezea nesi wa kliniki, akanikata: mtoto anaongeza kilo vizuri, wataka nini tena?

Basi nikasitiri. Akilia, sikisikii kilio chake, nasikia ule mlango wa utotoni ukifungwa, na mwili wote unakufa ganzi. Namnyonyesha, namuosha, nepi nambadilisha kwa wakati, lakini uso wangu mkavu. Watu wakawa wanasifu: mtoto mtulivu huyu, hasumbui! Hakuwa mtulivu, alikuwa amekata tamaa ya kuniita. Akawa anamfuata kwa macho kila anayeingia, nikiinama mimi anageuza shingo. Miezi ile hakuna wa kunirudishia, na bibi yule mpaka leo anawapa wazazi wengine wasia uleule. Inaniuma sana.

Na mambo haya yanajulikana zamani. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaushe uso kwa dakika chache tu. Watoto wakawavuta kwa tabasamu na mikono, waliposhindwa wakatazama kando. Mwaka 1975 Selma Fraiberg, mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, na wenzake, kule Michigan, Marekani, wakaandika habari za mama aliyekaa kimya huku binti yake wa miezi mitano na nusu akilia kwa uchungu. Mama huyo naye alikuwa ameachwa na kuumizwa udogoni. Alipopata watu wa kumsikiliza hadi akalia kilio chake mwenyewe, ndipo akaanza kumkumbatia mwanawe. Walichogundua ni kwamba wanaoyarudia mateso kwa watoto wao mara nyingi wanakumbuka yaliyotokea, ila uchungu wake wameufukia. Sasa wewe unaambiwa ufukie nini tena?

Na mwingine aliyekujibu kwamba aliyepigwa utotoni lazima atapiga wanawe, mpuuze. Wengi walioteswa utotoni hawatesi watoto wao.

Kwa hivyo sema. Tafuta mtu mmoja asiyekukata kauli, umwambie ulivyohisi, si yaliyotokea tu. Mimi nilimpata kwa kuchelewa, mshauri nasaha aliyeniacha nilie bila kuniharakisha, na mtoto akaanza kunitazama kabla hata sijamaliza kusimulia yote. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha walionusurika dhuluma, na nambari ya msaada kwa waliodhulumiwa, 1195, hupigwa bure. Usiku ukizidiwa, mlaze mtoto chali mahali salama, toka mlangoni, vuta pumzi, kisha urudi umchukue.

Chanjo ya wiki 14 i karibu. Siku hiyo usingoje kuulizwa. Mwambie nesi: nilidhulumiwa nikiwa mdogo, na mwanangu akilia naganda. Akikukata kama nilivyokatwa, omba mwingine palepale, kabla hujapanda matatu ya kurudi.