Pasaka watoto tuwape shilingi ngapi?

Pole dada, nimekusoma. Pasaka mnakutana kwa mama mkwe Mbagala, watoto 9, na wifi anataka kila mtu mzima ampe kila mtoto elfu 10. Jamani hiyo ni elfu 90 yako peke yako, hujanunua mchele hata kilo moja, nguo za sikukuu bado!

Kwetu wadogo wanapata buku 2, waliofika sekondari elfu 5, basi. Natafuta chenji mapema, noti ambazo hazijachakaa, Jumapili wakitoka kanisani wanapanga foleni kwa umri na mdogo ndo anaanza. Mwaka jana yule wa miaka 4 aliikunja yake mara nne akaificha kwenye soksi, akalala na soksi usiku mzima yani.

Sasa wewe mpigie wifi leo, usisubiri siku yenyewe mbele za watoto, mwambie kiwango kiwe kimoja kwa wote wa rika moja maana mtoto haumii kupewa kidogo, anaumia akiona binamu yake wa rika lake kapewa zaidi na mtu yule yule. Kama ana hela ya ziada anunue kreti za soda, au Jumatatu ya Pasaka awapeleke Coco Beach wakachezee maji na kula mihogo ya pilipili.

Na wale wawili wa marehemu shemeji, hata mama yao asipokuja usiwaruke tafadhali, mtumie kwenye simu na umwambie kabisa hii ni ya watoto.