Kuhasi mbwa dume kwa sindano: pima korodani, si uzito

Ukianza kazi hii ukiwa umezoea kukokotoa dozi kwa kilo, sahau hesabu hiyo. Dozi ya zinki glukoneti, dawa inayochomwa ndani ya korodani ili kumhasi mbwa, hufuata upana wa korodani. Mbwa wawili wenye uzito sawa wanaweza kuhitaji vipimo tofauti kabisa, na hata korodani mbili za mbwa mmoja hazilingani kila mara.

Papasa kwanza. Kama korodani moja haijashuka, usichome. Huyo ni wa kupasuliwa. Vivyo hivyo kama kuna kidonda, uvimbe au ngozi yenye wekundu.

Mtulize mbwa kwa dawa. Si kwa sababu ya maumivu tu: akishtuka sindano ikiwa ndani, dawa humwagika nje ya korodani, na madhara mabaya mengi huanzia hapo. Kisha pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana) sehemu pana zaidi, bila kubana na bila kuingiza epididimisi, yaani mrija wa mbegu ulioshikamana na korodani. Kwa mfano, milimita 10 hadi 12 hupewa ml 0.2; 16 hadi 18, ml 0.5; 25 hadi 27, ml 1.0. Hicho ni kipimo cha korodani moja.

Safisha ngozi taratibu, usinyoe. Ngozi iliyokwaruzwa huwasha, mbwa hulamba, na kulamba huzaa kidonda. Ukishavuta dawa, badilisha sindano uweke mpya nyembamba, geji 28 (kipimo cha wembamba wa sindano), maana tone lililobaki juu ya chuma huunguza njia nzima inapopita. Ingilia juu upande wa mbele, kando ya kichwa cha epididimisi, ncha ifike katikati. Sukuma polepole. Chomoa kwa mkono mwepesi, wala usikande. Dawa ikivuja kwenye pumbu, yaani mfuko wa korodani, ngozi inaweza kuoza na mbwa akaishia mezani kwa upasuaji tuliotaka kumwepusha.

Uvimbe wa siku chache ni wa kawaida. Usaha, ngozi nyeusi au mbwa kukataa chakula si kawaida. Aletwe mara moja.

Mweleze mwenye mbwa mambo mawili waziwazi. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zipo, kwa hiyo dume akae mbali na majike kwa siku 60. Pili, homoni ya kiume hupungua tu, haiishi, hivyo kupanda majike na kuzurura huenda kukaendelea. Na kwa kuwa korodani hubaki mahali pake, mchore alama ya kudumu, la sivyo atakamatwa na kuchomwa tena.

Kwa anayetaka njia inayorudisha uzazi, kuna kijiti cha deslorelini, dawa inayozima homoni ya uzazi kwa muda, kinachowekwa chini ya ngozi, kati ya mabega: mg 4.7 kwa takriban miezi 6, mg 9.4 kwa takriban mwaka. Wiki za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, na dume huweza kuzalisha kwa wiki 6 hadi 8. Andika tarehe ya kijiti kwenye kadi ya mbwa, pamoja na tarehe ya kurudi.